Mpakua pilau hapiki: Fundi Widad na mashine ya umeme wa bure

Saa tatu asubuhi, Mbagala. Gurudumu la pikipiki ya umeme limefungwa kwenye meza ya mbao, na Fundi Widad Abdulhadi (38) amesimama pembeni yake, ovaroli juu ya baibui. Leo hana utani.

"Zungusha," anamwambia mteja wake, Adelina Komba, muuza barafu.

Gurudumu linazunguka kwa kidole kimoja. Widad anaunganisha taa kwenye nyaya za mota iliyomo ndani yake. Taa inawaka, na papo hapo gurudumu linakuwa zito, mpaka Adelina anatia mikono miwili.

"He! Mbona limegoma?"

"Halijagoma, dada. Taa inakula, na inakula kwako. Umeme wa bure uko wapi hapo?"

Widad ametengeneza mota kwa miaka kumi na moja. Alianza na feni na pampu, sasa ni hizi za pikipiki za umeme, zisizo na brashi, vile vipande vya kaboni vinavyosugua ndani. Zina nyaya tatu, na chipu ndogo ndani ya kontrola, kile kisanduku kinachoongoza mota, huzipelekea umeme kwa zamu, upesi kuliko jicho. Mtaani kontrola hiyo wanaiita ubongo. Jina hilo, anasema, ndilo lililowaponza watu.

Miezi miwili iliyopita Adelina aliuza cherehani mbili alizoachiwa na marehemu mama yake, akanunua mashine kwa mfanyabiashara mmoja anayezunguka mitaani. Alimwambia mota inazungusha jenereta, jenereta inachaji betri, betri inaendesha mota, "na ubongo unazidisha umeme." Siku ya tatu ikazima. Barafu yote ikawa maji.

Widad alipoifungua alikuta bati la uongo, na chini yake betri ya pili imefichwa, imekwisha chaji. Basi, hiyo ndiyo miujiza yenyewe!

"Ubongo hauzalishi umeme, unagawa," anafoka. "Ni kama mpakuaji shughulini. Awe hodari vipi, hapiki yeye. Sufuria likiisha limeisha. Mota ukiipa wati mia, jenereta ikikurudishia sabini, sema alhamdulillahi. Nyingine zimekwenda na joto."

Kinachomchoma zaidi ni jibu la yule muuzaji alipoulizwa kuhusu betri hiyo. Alitangaza mtaa mzima kwamba mashine ilikuwa nzima, fundi kauchokonoa ubongo akaiua. Watu wakaamini. Wateja watatu wamekwisha kuchukua mota zao.

"Mwizi ananichafua mie! Na wanamsikiliza kwa sababu kavaa tai, mie nina grisi mpaka kwenye kucha. Hivi, haki iko wapi?"

Sasa mambo yamefika pabaya. Kikundi cha akina Adelina, wanawake ishirini wafuga kuku, kinakutana Jumamosi kununua mashine kubwa zaidi, kwa mtu yuleyule, naye atakuwepo, ya kutoa umeme wa kutotoleshea vifaranga. Adelina aliwakataza. Wakamwambia asilete wivu, yake iliharibiwa na fundi.

Widad ameomba ruhusa ya kuingia mkutanoni kwa mwenyekiti wa mtaa, na amekubaliwa. Atapeleka gurudumu lake na taa moja, hana hotuba.

"Nitazungusha mimi kwanza," anasema Adelina, bado anahema.

"Hapana," Widad anamkatiza. "Wewe kaa na wenzio. Atazungusha yeye na tai yake, taa iwake mpaka jasho limtoke. Hapo kila mtu ataona umeme unatoka wapi."