Goti la Chuma

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, maana ndiyo siku niliyotaka kuswali nikashindwa kupiga magoti, na afya ninayo tele.

Leo ukifika mtaa huu wa Al Jaddaf, hapa Uarabuni, ukamuulizia fundi chuma Mswahili, hata Mpakistani atakuleta kwangu. Shule niliishia darasa la nne. Karakana hii ni jasho langu, sikurithi hata msumari. Lakini wakati ule nilikuwa kijana wa kuajiriwa, nalala chumba cha kubanana kule Naif, na mdomo wangu ukipiga kelele kuliko nyundo yangu.

Arbab wetu, yaani tajiri aliyetuajiri, alipata kazi ya kutengeneza mavazi ya chuma, kama ya wapiganaji wa Ulaya ya kale, kwa maonyesho ya farasi. Mimi nikapewa miguu: bamba la paja, la goti na la muundi. Mvaaji alikuwa Baraka, kijana wa Tanga niliyekuwa nikila naye sahani moja. Siku ya maonyesho angepanda farasi na kumkimbiza mbele ya watu.

Nikaunda miguu inayong'aa kama kioo. Goti nikaliwekea bamba moja nene, nikalichomelea juu na chini, hata mshale usipate upenyo. Nikamsimamisha Baraka, nikampiga picha. "Khalas, kazi imekwisha! Nani kama mimi?"

Mzee Shaame, Mpemba aliyetushonea mikanda ya ngozi, akauliza, "Umempima amesimama?"

"Ndiyo, mzee."

"Farasi hupandwa wima?"

"Mzee, wewe shona ngozi. Chuma niachie mwenyewe."

"Haya, bingwa. Hebu vaa wewe."

Nikavaa, akanikaza mikanda. Nikatembea kama korongo, nikaona ndio ushujaa wenyewe. Adhana ya adhuhuri ikalia. Mzee akatandika mkeka. "Yalla, bingwa. Kabla hatujasimama kuswali, piga magoti nione."

Nikajaribu. Magoti yakagoma, nikaanguka kama gogo, karakana nzima ikacheka. Mzee peke yake hakucheka.

"Baraka akianguka hivyo kutoka juu ya farasi anayekimbia, nani atamwokota? Chuma kisichokunja goti si kinga, ni pingu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na hapa guu lenyewe lilikuwa la mwenzangu! Nikavua, nikashika msumeno. Lile goti nililoringia nikalikata. Nikaunda vibati vyembamba vinavyopandana kama magamba ya kakakuona, mnyama anayejikunja na bado simba hamwezi. Nikajipima mwenyewe mpaka goti likagusa sakafu.

Kesho yake, kwenye maonyesho, farasi alishtushwa na ngoma, akaruka. Baraka akakunja magoti, akambana mbavu, akabaki juu. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakashangilia. Mimi na Mzee Shaame tulitazamana tu.

Basi mwanangu, uliyekuja ugenini kutafuta, kuwa mgumu; mji huu hauna huruma na mlegevu. Ila ugumu wako uwe na kiungo. Kunja goti mbele ya Mola wako, kunja goti mbele ya anayekukosoa, kisha simama ufanye kazi upya. Mungu akuimarishie miguu, akulainishie magoti, akurudishe kwenu ukitembea wima. Amina.