Kiti cha Mbele Msibani

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeuza njegere soko la Mlandege miaka ishirini na sita, na huko nimeona kila aina ya binadamu, wenye adabu zao na wale wanaobonyeza njegere zote halafu wanaondoka bila kununua. Lakini Evarista Kalinga alinishangaza, na mpaka leo ananishangaza. Na kwa kuwa nilikuwamo kati ya waliomfanyia ubaya, acha niseme yote.

Kwao ni nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulichota maji bomba moja, tukachapwa na mwalimu mmoja kwa kosa moja, tena la kwake. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye alikwenda mpaka chuo kikuu, akarudi mbunge, na siku moja redio ikamtaja kuwa naibu waziri. Mtaa mzima tulipiga vigelegele, isipokuwa mama yake, Bibi Yusta. Yule bibi aliendelea kupepeta mahindi yake, akasema, "Haya, tumepata mgeni."

Na kweli akawa mgeni. Akija ni magari matatu na vumbi, anakunywa chai nusu kikombe, huyo anaondoka.

Sasa kwetu msiba una kazi zake. Wanaume wanachimba kaburi. Wanawake tunateka maji, tunapasua kuni, tunasonga ugali. Hakuna anayealikwa, ukisikia kilio unajifunga khanga unakwenda. Mfiwa mwenyewe kazi yake ni moja tu, kukaa mkekani na kulia. Haruhusiwi kugusa hata kijiko. Bibi Yusta alisonga ugali wa misiba yote ya mtaa huu mpaka mgongo ukakataa. Binti yake naye alikuja misibani, hatumsingizii, lakini alikuja kukaa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, na maji ya chupa mezani. Anasema maneno mazuri kwenye kipaza sauti, basi. Mume wangu Saulo alipozikwa ilikuwa hivyo hivyo. Udongo unamwagwa kaburini, mimi nasikia magari yake yanawashwa. Nilimchukia siku ile, sifichi.

Mambo hayo yalikwenda miaka kumi na miwili. Kisha jioni moja taarifa ya habari ikasoma tangazo la mistari mitatu: uteuzi wake umetenguliwa. Mwaka uliofuata kura za maoni za chama chake nazo zikamkataa. Akarudi Mlandege nyuma ya kirikuu, kigari cha mizigo kilichobeba makochi, mtungi wa gesi na maboksi ya vitabu, akaingia chumba chake cha usichana kwa mama yake. Watu wakasema aliye juu mngoje chini. Wengine walingoja apite ndipo waseme.

Hakumjibu mtu. Alikuja sokoni kwa miguu, akasimama mbele ya meza yangu kama mtoto aliyesahau alichotumwa.

"Nikupimie, Mheshimiwa?" nikamwuliza.

"Marta, mheshimiwa gani tena?"

Nikampimia. Nyongeza sikumpa hata punje.

Lakini kilichotuchoma hasa ni misiba miwili ya kwanza baada ya kurudi kwake. Mwenyekiti wa mtaa alimkimbilia na kiti kama zamani, "Mheshimiwa, huku mbele." Nilimwona Evarista akitazama upande wa jikoni, hata akainuka nusu. Kisha akakaa. Nadhani mwili ulishazoea. Juliana, ambaye ndiye mkubwa wa jiko letu la msiba na mdomo wake haujui likizo, alisonya. "Cheo kimekwisha, kiti bado?"

Mwezi wa sita, baridi ya Iringa imekaza, Bibi Yusta akafariki. Juliana akatuita wanawake pembeni.

"Tutakwenda wote, asije akasema hatukwenda. Ila tutakwenda kama anavyokujaga yeye."

Tulimwelewa. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Siku ya maziko tulivaa vitenge vyetu vya harusini. Tulibeba mikoba. Wanaume walishakwenda kuchimba kaburi tangu alfajiri, wao hawakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa wa jikoni. Tukaingia uani kwa marehemu, tukakaa kwenye viti chini ya turubai, wanawake arobaini na kitu, tukakunja mikono. Nyuma ya nyumba masufuria yalikuwa yamelala kifudifudi, kuni hazijapasuliwa, magunia ya unga yameshonwa vilevile. Saa sita wachimbaji wangerudi na njaa, na saa nane ni ibada. Ndugu wa kike Evarista hana. Shangazi yake aliyebaki ni kipofu.

Ombeni, mdogo wake Evarista wa kiume aliyetoka Mbalizi, alitutazama, akatazama masufuria, akaelewa. Akatoa simu. "Dada, niite wapishi wa kukodi?"

Tulisikia jibu kutoka ndani. "Weka simu mfukoni."

Alijua kama tunavyojua sisi. Msiba ukipikwa na watu wa kukodi, ni kama kumtangaza marehemu kwamba hakuwa na jirani. Bibi Yusta, yule bibi, azikwe kama mtu asiye na jirani! Hapo ndipo tulipokuwa tumemfikisha, na sisi tumekaa na mikoba mapajani.

Evarista akatoka. Mfiwa ameacha mkeka! Alipiga magoti mbele ya safu yetu ya kwanza, akasalimu Kihehe, "Kamwene," akaenda safu ya pili, akapiga magoti tena, mpaka ya mwisho. Nilingoja atuombe. Nilikuwa nimeshaandaa na sura ya kukataa.

"Poleni na baridi, mama zangu," akasema. "Chakula kitakuwa tayari baada ya muda mfupi."

Hakuwa na kejeli hata chembe. Akazunguka nyuma ya nyumba.

Kwanza tulisikia shoka. Baadaye ndoo. Halafu moshi ukaja mpaka kwenye turubai, na Juliana akawa anafungua na kufunga mkoba wake. Mimi nilivumilia nikashindwa, nikainuka kwenda kuchungulia.

Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, miguu peku, ameliinamia sufuria kubwa kuliko yote, lile ambalo sisi husonga wawili wawili kwa kupokezana. Alikuwa peke yake na ule mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Alikuwa anaugandamiza ugali ukutani mwa sufuria, anaugeuza, anaugandamiza tena, vilevile alivyokuwa akisonga mama yake. Jasho lilikuwa linamchuruzika. Machozi hayakuwepo. Nilipata woga ambao sijawahi kuupata kanisani. Mwanamke ambaye polisi walimpigia saluti, mama yake amelala maiti chumbani, anatupikia sisi. Tena anatupikia vizuri.

Nyuma yangu nikasikia viti vinasogezwa. Wenzangu walikuwa wamekuja wote.

"Evarista," nikasema, "lete mwiko."

"Kaa, Marta. Haujaiva."

"Lete, nimesema."

"Nyie kaeni." Hakuinua hata uso. "Mimi nimekaa miaka kumi na miwili. Nimechoka kukaa."

Juliana akafunika mdomo kwa kiganja. Nikasogea mpaka moshi ukaniingia machoni, nikamwuliza swali lililonijia lenyewe.

"Na mama yako, nani anamlilia?"

Mwiko ukasimama. Alinitazama kama vile siku ile sokoni. Nikamchukulia mwiko mikononi taratibu, na mpini ulikuwa na utelezi; viganja vyake vilikuwa vimechubuka vyote viwili.

"Nenda mkekani, mfiwa," Juliana akamwambia. Alishaanza kuikunja mikono ya gauni, na mikoba yetu, mmoja baada ya mwingine, ilikuwa inatundikwa kwenye mparachichi.

Evarista akaingia ndani. Kitambo kidogo tukasikia kilio chake, kikubwa, cha mtoto aliyeachwa peke yake, mara ya kwanza tangu mama yake afe. Sisi tukaendelea kusonga tukimsikiliza, na hakuna aliyekwenda kumwambia anyamaze.