RAM Iliyochelewa Kufika Newala

Saa tatu asubuhi mjini Newala, Oliva Abrahamu analegeza skrubu za laptop kuukuu. Kwenye benchi mbele yake ameketi Mama Witness, mjane wa siku kumi na mbili.

"Shikamoo, mama. Umewahi."

"Marahaba. Nyumbani hakukaliki."

Oliva, 34, ana miaka tisa katika ufundi wa kompyuta. Laptop hii aliletewa na marehemu mwenyewe, Mwalimu Cuthbert, mstaafu aliyekuwa akiugua figo. Alikuwa akimwandikia binti yake Witness habari za maisha yake. Kurasa na picha zilipozidi, mashine ikawa inaganda. RAM yake, kile kibao chembamba kinachoipa kompyuta nafasi ya kufanya kazi, ilikuwa ya GB 1 tu.

"Aliniambia, 'Fanya haraka, binti yangu, sina muda,'" Oliva anakumbuka. "Nikadhani ni haraka za wazee tu."

Akaagiza RAM kubwa zaidi kutoka Dar es Salaam bila kuifungua mashine aone inatumia aina gani. Ilipofika, haikuingia, ilikuwa ya laptop za kisasa. Akaagiza upya. Wiki tatu zikakatika, Mwalimu akalazwa. Siku basi liliposhusha RAM sahihi, ndiyo siku aliyozikwa.

"Kosa ni langu," anasema Oliva, akifuta macho kwa kiganja. "Kuifungua ni dakika tano tu."

Anakichomeka kibao, anawasha. Safari hii maandishi yanafunguka. Mama Witness amesahau miwani, anaomba asomewe ukurasa wa mwisho.

"'Siku nilipomwona Julia kwa mara ya kwanza, kisimani, alikuwa…'" Oliva anateremsha ukurasa, chini ni peupe.

"Nilikuwaje?" anauliza Mama Witness. Julia ndiye yeye.

"Ameishia hapo, mama."

Mama Witness anajifunika uso kwa kanga na kulia. Oliva anahamia kwenye benchi, anamshika bega.

"Nisamehe, mama."

Mama Witness anajipangusa machozi. "Nichapie kurasa zote, nimpelekee Witness," anasema hatimaye. "Usiongeze hata neno."

Tangu msiba huo, Oliva anakusanya laptop mbovu na kuzichomoa RAM, akizipanga kwa aina. Anataka apate akiba ya kila aina.

"Akija mgonjwa mwingine, nitaifungua mashine yake mbele yake," anasema. "Siku hiyohiyo aondoke nayo, akaandike."