Beji ya Koti la Jumapili

Mwaka 2009, redio ilipotangaza kuwa kuna chombo kinazunguka Mwezi kupima mionzi, Elkanah Makhanu wa Shianda alikuwa amejilaza kwenye kochi, mgonjwa. Mtangazaji alieleza kuwa ndani ya kipimo hicho mna plastiki iliyotengenezwa ifanane na nyama ya mtu, ili ijulikane mionzi itamfanya nini binadamu kabla hajapelekwa tena huko. Elkanah alimwomba mkewe, Khalayi, apunguze sauti.

Mionzi aliijua. Tangu miwa ianze kuleta pesa, watu wa huku walinunua pikipiki kabla ya kujua breki iko wapi, na trekta za miwa ziliangusha mzigo na watu pamoja. Wote waliishia chumba cha eksirei cha hospitali ndogo alikofanya kazi Elkanah. Mtoto akikataa kutulia, yeye ndiye aliyemshika, mwenzake akabonyeza mashine.

Hospitali ilimpa beji ya kupima mionzi inayompata, aivae kifuani akiwa kazini. Lakini huku kwetu beji ni heshima. Wafanyakazi wa kiwanda cha sukari walienda na zao hadi kanisani, na Khalayi hakuona kwa nini mume wake aende kifua kitupu. Akaibandika kwenye koti la Jumapili. Elkanah alijua vizuri beji ni ya nini, ila alipenda kumwona mkewe akifurahi, na kila Jumatatu alijiambia ataibandua kesho. Ikakaa kabatini pamoja na koti miaka na miaka, yeye akiingia kazini bila beji. Kila ilipopelekwa Nairobi kusomwa, jibu lilikuja kwamba yuko salama, na mwishowe hata yeye akaliamini. Watu tuna vituko.

Sasa damu yake ilikuwa imeharibika. Daktari Masinde, pale Kakamega mjini, alitaka kujua kama ni kazi iliyomfikisha hapo, na Elkanah alitaka kujua zaidi yake.

"Majibu ya Nairobi hayaonyeshi kitu," daktari alisema. "Mzee, beji ulikuwa unaivaa?"

Khalayi alitangulia kujibu. "Alikuwa anaivaanga, daktari. Mimi ndio nilikuwa naiweka kwa koti yake. Hakuna Jumapili alikosa nayo."

Masinde aliweka kalamu chini. Elkanah alimtazama kwa macho ya kumsihi, na daktari, kwa huruma, akaacha kumweleza Khalayi kuwa beji ilikuwa ya kazini. Elkanah aliona uchungu. Watu ambao bado hawajachaguliwa kwenda Mwezini walikuwa wameshapimiwa mionzi yao. Yake hakuna atakayeijua kamwe.

Nje, Khalayi alimfunga vifungo vya koti, maana kulikuwa na baridi.

"Baba Andati, si nimejibu vizuri?"

"Umejibu vizuri," akasema, akamwachia amalizie vifungo.