Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Kiatu kilipoanguka mara ya pili, nilikuwa sokoni Flagey, nimeshika fungu la mchicha. Mwenye farasi hakupoteza muda kwa salamu. "Bon," aliniambia kwenye simu, "kiatu ya kushoto imetoka tena. Niko naishika ku mukono." Nilirudisha mchicha mezani nikakimbilia basi.

Nilikuwa na miezi minane tu katika kazi hii. Kabla ya hapo, tangu nifike Brussels kutoka Bujumbura, nilikuwa nikiogesha na kulisha watu katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilikwisha kuvuka miaka arobaini nilipokwenda kujifunza kutengeneza kwato za farasi na kuwavisha viatu. Jamaa zangu wa mtaa wa Saint-Josse walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliamka kila asubuhi kabla saa haijalia, kwa hamu tu ya kufika kazini. Sikujua kwamba mtu anaweza kuipenda kazi namna hiyo.

Farasi mwenyewe alikuwa jike mzee wa rangi ya kahawia, akikaa katika banda pembezoni mwa Anderlecht, pale majengo yanapoisha na malisho kuanza. Mwenye farasi, niliyemwita maman kama tunavyowaita kina mama wa Kikongo wa rika lake, alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Lubumbashi. Alikuwa amemtunza bibi mmoja Mbelgiji kwa miaka sita, na bibi yule alipokufa alimwachia farasi wake. Watoto wa maman walimshauri amuuze. Daktari wa wanyama alikuwa na habari mbaya zaidi: nyama inayoshikilia mfupa ndani ya kwato za mbele ilikuwa imevimba, na asipopata nafuu, hakungekuwa na la kufanya ila kumchoma sindano ya mwisho. Viatu vya misumari havikufaa, maana kila pigo la nyundo lingemtesa. Tukaamua kumvisha viatu vya kubandika kwa gundi, vyenye soli laini.

Siku ya kwanza mwalimu wangu alibandika cha kulia, mimi nikabandika cha kushoto. Cha kulia kiling'ang'ania. Cha kushoto kilidumu siku mbili. Nikarudi peke yangu, kwa kuwa mwalimu alikuwa ameshikwa na mgongo, hawezi kuinama. Nilidhani ni baridi, nikaipasha gundi ndani ya koti langu. Nilidhani ni unyevu, nikaukausha ukwato kwa mashine ya hewa ya moto hadi ukapauka kama chaki. Safari hii kikadumu siku tatu.

Nilipofika bandani kutoka sokoni, maman alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kiatu kikiwa mapajani. Farasi alikuwa amenyoosha miguu ya mbele na kuegemeza uzito wote nyuma, kama mtu anayeogopa kukanyaga makaa.

Nikampigia mwalimu.

"Usiangalie ukwato kwanza," aliniambia. "Angalia kiatu. Gundi imebaki wapi?"

"Yote imebaki kwenye kiatu."

"Ikoje? Ina mikwaruzo?"

Nikakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Gundi ilikuwa laini, inang'aa kama sahani iliyooshwa. Nikamwambia.

"Basi gundi haina kosa. Imeshika kiatu, imeukataa ukwato. Kuna kitu kimeingia katikati. Kitafute."

Mpaka dakika ile nilikuwa nikiamini kwamba mkono wangu haufai. Sasa nilikuwa na kitu cha kutafuta, na kilikuwa humo humo bandani.

"Maman, hujampaka kwato mafuta?"

"Hapana, ma fille, binti yangu. Ulinikataza, donc siwezi."

Tukakagua brashi, tukanusa majani makavu aliyolalia, tukachungulia ndoo ya maji. Hakuna kitu. Mwishowe nikamwomba asimame karibu anitazame nikifanya kazi yote upya, polepole. Niliuweka mguu juu ya mapaja yangu, nikaukwaruza ukwato kwa tupa, nikafuta vumbi kwa brashi kavu. Kisha nikavua glavu, nikapitisha vidole kuhakikisha umekwaruzika sawasawa. Baba yangu alikuwa seremala, naye hakuwahi kuunga ubao kabla ya kuupapasa.

"Attends, ngoja," maman alisema. "Mikono yako. Unapakaa nini?"

Nilitazama vidole vyangu. Mafuta ya shea. Nilipaka kila asubuhi, nikarudia ndani ya metro, kwa sababu baridi ya huku hupasua ngozi.

"Ku hôpital," akaendelea, "pansement, bandeji ya kidonda, ilikuwa inatoka, tunasema plasta ni mubaya. Kumbe infirmière mumoja, muuguzi mwenzetu, alikuwa anapakaa mugonjwa mafuta mbele ya kubandika. Alors, ni wewe mwenyewe unapakaa huyu farasi."

Nikakumbuka mwalimu: siku ile hakuvua glavu hata mara moja. Nilicheka hadi farasi akageuza shingo kunitazama. Kosa lilikuwa langu, na sijawahi kufurahia kosa kiasi kile.

Nilikwaruza upya. Nikavaa glavu mpya na sikugusa kitu kingine. Matone ya kwanza ya gundi, ambayo huwa hayajachanganyika vizuri, niliyamwaga kwenye kipande cha ubao, iliyobaki nikaipaka, nikaacha kisigino bila gundi ili ukwato upate nafasi ya kutanuka, nikakibana kiatu na kukizungushia nailoni. Mguu wa kulia wa farasi, uliokuwa umebeba uzito peke yake, ulianza kutetemeka. Maman akamshika kichwa. "Vumilia, mama. Vumilia kidogo," alimnong'oneza, huku mimi nikijaribu kwa ukucha yale matone ya ubaoni. Yalipokuwa magumu kama jiwe, nikaushusha mguu.

Alisimama. Akapiga hatua moja, akapumua kwa nguvu, akapiga ya pili.

Siku ya nne nilipiga simu. Kipo. Siku ya kumi, kipo. Wiki ya sita, wakati wa kubadilisha viatu, mwalimu alikuwa amepata nafuu; tulilazimika kukitoa kwa tupa na koleo, naye akakigeuzageuza, kisha akanipa chupa ya gundi nibandike vyote viwili.

Masika ya huku, majira ya kuchipua majani, yalipofika, daktari alimruhusu farasi kwenda malishoni saa moja kila siku. Siku ya kwanza maman alinialika. Alimfungua kamba, na yule jike mzee akatembea, kisha akaenda mbio za polepole, kisha akakataa kabisa kukamatwa. Tulimkimbiza uwanja mzima, maman akiwa na sketi yake ya kanisani, mimi na buti zilizojaa tope, na hakuna kati yetu aliyetaka kwa dhati kumfikia.