Aliyemwaga Aje

Ko, ko, ko. Kisigino cha kiatu cha kike kwenye ngazi ya zege. Pantaleo anaikumbuka sauti hiyo mpaka leo, maana kwa miaka kumi na moja ngazi ile ya Mchafukoge alisikia ikipandwa na kandambili tu: za Chiku muuza chai, za wapagazi wa mizigo ya vitenge, na za Godbless mwenye duka la kompyuta pale chini, ambaye hupanda akihema na kulalamika kana kwamba anarudi kwao Kibosho, mlimani, kwa miguu.

Mwenye mashine hakuwahi kupanda. Ndivyo kazi ilivyopangwa. Mteja huacha laptop kaunta, kwa Godbless au kwa wenzake wa Kariakoo, akaambiwa "fundi wetu" ataiangalia. Maduka manane yana fundi mmoja, naye ni Pantaleo, ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho, dirisha linalotazama mabati ya jirani. Humletea zile zilizowashinda, kila moja na kikaratasi chake kimebandikwa kwa selotepu. Anatengeneza, mashine inashuka, Godbless anasifiwa. Pantaleo hana neno. Alikuja mjini kutoka Masasi akiwa na miaka kumi na tisa, akajifunzia kwenye redio mbovu za mtaa wa Gerezani, na tangu mwanzo alipenda kukaa na kitu kilichokufa bila mtu kumsimamia kichwani.

Kilichomkera ni vile vikaratasi. Vyote viliandikwa "maji". Ukiviamini, watu wa Dar hawanywi kitu kingine. Pantaleo amekuta soda, amekuta uji wa ulezi, amekuta mchuzi wa pweza, na mara moja bia, ndani ya laptop ya mzee wa kanisa mmoja. Wote walimwaga maji.

Laptop ya wiki ile nayo ilikuwa ya maji. Haikuwasha hata kitaa. Alipoiunganisha na umeme wa mezani kwake, mshale wa kipimo uliruka na mtambo ukajizima. Shoti. Umeme wa chaja ukiingia kwenye bodi hupita mlango mmoja hadi mwingine, na kila mlango una bawabu wa kuuliza kama huko ndani kuko salama. Hapa ulikuwa unatumbukia shimoni kwenye mlango wa kwanza tu. Pantaleo akaupunguza mpaka volti moja, akamwagia bodi spiriti, akainama. Spiriti hukauka haraka penye joto, na penye joto ndipo penye ugonjwa. Ikakauka juu ya kapasita moja ndogo kama punje ya mtama. Akaing'oa kwa kibano. Shoti ikaisha.

Lakini mashine haikuamka. Kuna volti tatu ambazo hukaa macho hata mashine ikiwa imelala, kama mama mwenye mtoto mchanga. Alizikuta moja na nusu, zinapanda na kushuka. Akapuliza hewa ya moto kidogo pembeni ya chipu inayozitoa, na harufu ikapanda mpaka puani.

Waridi.

Akazima hewa. Akachukua pamba ya masikio, akafuta ukingoni mwa chipu. Pamba ikatoka na rangi ya manjano, inanata. Maji hukauka yakaacha ukungu mweupe pale yalipoangukia, na kazi yake ni nyepesi. Kitu kitamu hutambaa chini ya chipu, kikajificha, na kila siku kinavuta unyevunyevu wa mji huu na kuanza upya kula. Kama ni kitamu, itabidi zile chipu zing'olewe zote, moja moja, zisafishwe chini, na kila moja unayoing'oa inaweza kuwa ndiyo ya kuiua bodi. Huwezi kuanza safari hiyo kwa kubahatisha. Akampigia Godbless.

"Godi, hii siyo maji."

"Mteja kasema maji, fundi."

"Mwambie aliyemwaga aje."

"Aje wapi, huko kwako? Mtu wa korosho wewe, leo umeshindwa na maji mpaka unataka wateja wangu?"

"Aje."

Ndipo zikaja ko, ko, ko, na mlangoni akasimama mwanamke wa miaka kama thelathini, mtandio wa buluu, mkoba wa ofisini kifuani.

"Shikamoo. Naitwa Amira. Ile mashine ni yangu."

"Marahaba. Kaa, dada. Ila usiegemee, mguu wa nyuma wa hicho kiti unaumwa."

Akakaa ukingoni. "Mimi ndiye niliyemwaga. Maji ya kunywa."

Pantaleo alisukuma ile pamba ya manjano mbele yake. Amira aliitazama, akaiinua puani, akairudisha mezani taratibu.

"Ni kombe," alisema. "La baba. Shehe anamwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani, tunaosha kwa marashi ya waridi, anakunywa. Mama mdogo huongeza asali."

"Nyingi?"

"Mama mdogo hajui kidogo."

Pantaleo akacheka, na Amira naye akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaendelea bila kuulizwa. Mafaili yote ya kazi anayo ofisini. Hata mashine ikifa, atanunua nyingine. Tatizo ni baba. Mzee Abdulrazak aliendesha winchi bandarini miaka thelathini, akiinua makontena kwa vidole viwili. Sasa vidole vinatetemeka. Ijumaa kikombe kilimponyoka juu ya laptop, na tangu siku hiyo hali chakula. Mafunda mawili ya maji, kisha anageukia ukutani.

"Leo siku ya nne, fundi. Nilimwambia siyo yeye, chaja ilikuwa mbovu. Ndiyo akafunga mdomo kabisa." Akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Nataka iwake mbele yake. Na uje wewe umwambie ni chaja. Mimi haniamini."

Pantaleo alikuwa ameshavuta taa.

Aling'oa chipu ya kwanza, na chini yake kulikuwa na utando wa dhahabu, mzuri kuutazama kama si ubaya wake. Akausugua kwa mswaki laini. Ya pili ilikuwa safi. Ya tatu, ile ya volti tatu, vijiguu vyake viwili vilikuwa vimeliwa, akaitafutia mwenzake kwenye bodi moja iliyokufa zamani. Kila alipoweka moto Amira alishika pumzi, naye akamwambia, "Pumua tu, dada, haisikii." Adhana ya alasiri ilipokwisha, akarudisha umeme. Mshale ukainuka kidogo, ukatulia. Volti tatu, kamili. Akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, na mwanga wa kioo ukampiga Amira usoni.

Walipanda bajaji hadi Magomeni, laptop mapajani mwa Pantaleo.

"Chaja, eh, fundi?" Amira alimkumbusha njiani.

"Nimesikia."

Mzee alikuwa amelala chumba cha mbele, uso ukutani, shuka mpaka mabegani. Pantaleo akamwamkia shikamoo. Marahaba ikatoka bila kichwa kugeuka. Amira akamwekea mashine pembeni ya goti, ikiwa imewaka. Mwanga ulifika ukutani. Mzee akageuka polepole, akaitazama, kisha akamtazama yule mgeni mwenye vidole vyenye makovu ya moto.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mzee."

"Ilikuwa na nini?"

"Baba, si nilishakwambia, ni cha..."

"Nimemuuliza fundi."

Pantaleo alihisi macho ya Amira shavuni. Aliona pia kitu kingine: mzee alikuwa ameulalia mkono wake wa kulia makusudi, akiuzuia kwa uzito wa mwili, ili mgeni asiuone. Miaka yote uongo ulipanda ngazi kumfuata. Leo alikuwa ameombwa aushushe yeye mwenyewe, tena kwa wema.

Akaipindua mashine.

"Kombe, mzee. Liliingia hapa, likapita hivi. Huku ndiko lilikokula. Zafarani haina neno. Asali ndiyo iliyonisumbua."

Amira aliinamisha kichwa. Mzee alifuata kidole cha fundi juu ya plastiki, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesomewa barua.

"Nililiona likianguka," alisema. "Kwa macho yangu. Siku nne watu wazima wananiambia sikuona. Bandarini nikigonga kontena, nilishuka mwenyewe nikasema nimegonga. Mtu akikuficha kosa lako mwenyewe, Amira, huyo ameshakuhesabu na marehemu."

"Nisamehe, baba."

"Leta uji. Asali weka kidogo, fundi ameilalamikia."

Uji ukaja, wa moto, ndani ya kikombe cha bati. Mzee akakaa kitako, akautoa ule mkono. Ukatetemeka hewani mbele ya watu wote. Uji ukaruka ukingoni, ukadondokea shuka. Mkono wa Amira ukachomoka kwenda kukipokea kikombe, ukaishia njiani, ukarudi. Mzee naye akasita, kikombe nusu ya safari, macho kwenye mashine iliyokuwa gotini pake.

Pantaleo akaivuta mashine, akaipakata mwenyewe, akainama mpaka karibu na sikio la mzee.

"Kunywa, mzee," alinong'ona. "Nimeshaisogeza."