Mambo Aliyoambiwa Eloy Boneti Ikiwa Wazi

Nilifanya kazi na Eloy Archuleta miaka kumi na tisa katika kiwanda cha chuma hapa mjini Pueblo, yeye akiwa juu kwenye kreni, mimi chini nikimpa ishara kwa mikono. Mtu mliyeelewana kwa mikono muda wote huo unamjua vizuri, ila sauti yake huizoei. Tulipostaafu tukawa tumepakana ua, na bado ilikuwa kazi kumtoa Eloy sentensi mbili zilizofuatana.

Gari lake tu ndilo lililomfungua mdomo. Ni Chevelle ya mwaka 1970, kijani iliyokolea, injini ya silinda nane. Aliinunua akiwa na miaka ishirini na sita, akamchumbia Orlinda ndani yake, akawaleta nyumbani wanawe wote watatu ndani yake. Na kila mwezi, kwa zaidi ya miaka arobaini, aliipandisha milimani hadi Leadville, kwa Fabiola, dada mkubwa wa Orlinda.

Safari hiyo ilikuwa na shughuli yake. Huku kwetu ni juu kiasi, lakini Leadville ni juu zaidi ya mara mbili, na hewa ya kule ni nyepesi. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haina habari hiyo. Inamwaga petroli kama ilivyozoea kumwaga huku chini, injini inazidiwa, inakohoa na kutoa moshi mweusi kama treni. Kwa hiyo Eloy alikuwa na desturi ya kusimama kijijini Cotopaxi, katikati ya njia, kwenye uwanja wa kokoto kando ya mto. Anafungua boneti, anafungua kabureta, anatoa jeti, vile viskrubu vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli, na kuweka vyenye tundu dogo zaidi. Dakika ishirini. Wakati wa kushuka anasimama pale pale na kurudisha vile vikubwa.

Orlinda ndiye aliyeshika kopo la jeti. Aliegemea madigadi ya gari na kumpa jeti ya namba aliyoitaka. Na kwa kuwa mumewe alikuwa ameinama, uso hauonekani, mikono ina kazi, hapo ndipo alipomwambia mambo. Hapo alimwambia ana mimba ya kwanza. Hapo alimwambia amejiandikisha kusomea uuguzi na hatabadili nia. Mwaka ambao kiwanda kilitupunguza kazi na Eloy akawa anakunywa, hapo alimwambia kwamba ameshazungumza na Fabiola, na kwamba chumba cha yeye na watoto kiko tayari kule Leadville.

Eloy hakuinua kichwa. Aliomba namba sitini na nane, akaifunga, akashusha boneti, kisha akasema, "Nimeacha." Na kweli aliacha. Haya nimeyapata kwa Orlinda mwenyewe, maana Eloy asingenisimulia hata kwa kulipwa.

Sasa, miaka michache iliyopita, mwezi wa kwanza, Fabiola aliteleza kwenye barafu mbele ya nyumba yake akavunjika nyonga. Alikuwa na miaka themanini na moja, hana mume, hana mtoto. Safari ya kila mwezi ikawa ya kila wiki, katikati ya baridi kali. Orlinda ana gari dogo la kisasa, na wewe ungeuliza, kama mimi nilivyouliza, kwa nini wasiende nalo. Eloy alilipanda mara moja, magoti yakagonga dashibodi, akashuka na kusema hilo si gari, ni kiatu.

Wiki ya tatu vidole vilimgomea. Alikuwa na miaka sabini na moja, viungo vimevimba, upepo wa mtoni unakata. Jeti moja ilimponyoka ikazama kwenye theluji. Walipekua wote wawili kwa magoti na hawakuiona. Ikabidi wapande hivyo hivyo, gari likipiga chafya njia nzima, na walipofika Fabiola akawaambia kutoka kitandani kwamba wananuka kama kituo cha mafuta.

Jumatatu yake Eloy akaniomba nimsindikize kwa Tillie Vigil.

Tillie ni mwanamke wa miaka hamsini hivi. Alitengeneza mabasi ya shule miaka mingi, kisha akafungua karakana yake karibu na reli. Yeye huunganisha laptopu na injini, analipandisha gari kwenye rola, linakimbia papo hapo bila kwenda popote, naye anarekebisha petroli na cheche kwa kubonyeza vitufe. Eloy alikuwa akimwita mpiga chapa.

"Mzee Archuleta," Tillie alisema alipotuona. "Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Kuuliza hapa ni bure, kucheka ndiyo nitakutoza."

Eloy aliangalia laptopu iliyokuwa juu ya benchi kama anayetazama mbwa wa mtu mwingine. "Hiyo kompyuta yako. Kwa gari la zamani kama langu, ina maana yoyote?"

Nilitegemea Tillie achangamkie biashara. Badala yake alivua glavu, akavuta kigoda.

"Inategemea. Gari lako halikuzaliwa na kompyuta, kwa hiyo siwezi kuchomeka waya tu nikabadilisha namba. Lazima kabureta itoke. Tunaweka kifaa cha kupuliza petroli, pampu ndani ya tangi, sensa kwenye ekzosi, halafu ndiyo kompyuta. Ni kazi, na ni hela. Ukiniambia unataka nguvu zaidi, nitakwambia utapata kidogo tu, usijisumbue. Ukiniambia unaenda dukani na kanisani, nitakwambia rudi nyumbani na kabureta yako, umeifunga vizuri kuliko mtu yeyote mji huu."

"Naenda Leadville."

"Kila mwezi, najua."

"Kila wiki."

Tillie aliviangalia vidole vya Eloy. "Basi kwako ina maana," alisema. "Inapima hewa yenyewe, kila sekunde. Ukipanda inapunguza, ukishuka inaongeza. Huna haja ya kushika bisibisi."

"Na ikifa huko juu?"

"Utanipigia simu, nitakuja kukuvuta, na utanisikiliza nikiimba njia nzima."

Kazi ilichukua wiki mbili. Eloy alikwenda kila siku kukaa na kutazama. Siku kabureta ilipotolewa aliifunga kwenye taulo akarudi nayo nyumbani akiwa ameipakata.

Mwanzoni gari lilimtia aibu. Asubuhi za baridi liliwaka likazima, likawaka likazima, majirani tukasogea madirishani. Tillie alisema kifaa bado kinajifunza na kinajifunza vibaya, kwa hiyo atapanda nao mlimani akifundishe mwenyewe. Walikwenda Alhamisi, Tillie mbele na laptopu mapajani, Orlinda nyuma na sufuria ya supu ya pilipili za kijani ya kumpelekea Fabiola.

"Kanyaga," Tillie alikuwa anasema. "Achia. Kanyaga tena, mzee, hiyo si yai."

"Nimekanyaga."

"Umeigusa. Mama Orlinda, hivi na wewe anakuendesha hivi?"

"Miaka arobaini na mitano," Orlinda alijibu. "Ndiyo maana bado tuko hai."

Walipita Cotopaxi bila kusimama. Walifika Leadville injini ikinguruma laini, moshi hauonekani. Eloy alizunguka nyuma ya gari, akachutama kwenye ekzosi, akanusa, akasimama, akampa Tillie mkono. Tillie anasema hajawahi kulipwa vizuri zaidi, na bili alikuwa ameshaitoa.

Wiki zilizofuata walikwenda wenyewe wawili. Baada ya safari ya tatu Eloy alikuja uani kwangu, akakaa kwenye ngazi.

"Orlinda hanisemeshi," alisema.

"Umemfanya nini?"

"Sijui. Tunapanda kimya, tunashuka kimya. Nadhani gari hajalipenda."

"Muulize."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aruke kutoka kwenye kreni.

Hakumwuliza. Ila Alhamisi iliyofuata, walipofika karibu na ule uwanja wa kokoto, Orlinda alisema, "Simama."

"Kuna nini? Umesikia kitu?"

"Simama, Eloy. Fungua boneti."

Alisimama, akafungua. Injini ilikuwa safi, haina kasoro, inatweta taratibu. Alisimama mbele yake mikono ikining'inia.

"Hakuna cha kutengeneza," alisema.

"Inama tu."

Akainama. Akashika kifuniko cha kichujio cha hewa, akaanza kufungua parafujo isiyohitaji kufunguliwa. Orlinda aliegemea madigadi. Ndipo akasema kwamba Fabiola hatatembea tena vile alivyotembea, kwamba daktari amemwambia hivyo wiki tano zilizopita, na yeye hizo wiki tano amekuwa akitafuta pa kulisemea. Anataka kumleta dada yake Pueblo, aishi nao, moja kwa moja. Ameogopa kwa sababu Eloy na Fabiola hawajawahi kukubaliana juu ya kitu chochote, na nyumba ni ndogo, na yeye Eloy amestaafu apumzike.

Wakati huo pikapu ilisimama pembeni. Mwanamume mwenye kofia pana ya wachunga ng'ombe alishusha kioo.

"Imekufa, mzee?"

"Haijafa," Eloy alisema kutoka ndani ya boneti. "Mke wangu anaongea."

Yule bwana alifikiria kidogo, akagusa kofia, akaondoka.

Eloy alifunga ile parafujo, kisha akaifungua tena. "Chumba cha Rosendo kina jua asubuhi," alisema, maana Rosendo, mwana wao, alishahama. "Nitamwekea vyuma vya kushikia bafuni. Na asinipangie televisheni."

"Atakupangia."

"Najua."

Orlinda alilia kidogo, akapanda gari, na kuanzia hapo hadi Leadville, anasema, hakufunga mdomo.

Fabiola alihamia mwezi wa nne. Walimteremsha kwenye Chevelle, kiti cha mbele kimetandikwa mito, naye alilalamika juu ya mito, juu ya mwendo na juu ya redio, halafu akalala usingizi mzito kutoka mji wa Salida, njiani, hadi mlangoni. Ile kompyuta iliyowekwa kwa ajili ya mlima ilikuwa imepanda mlima miezi miwili tu. Nilimwambia Eloy kwamba kwa hesabu hiyo ametupa hela. Alisema kama angekuwa bado anabadili jeti, Fabiola angekaa dakika ishirini kwenye upepo wa Cotopaxi na nyonga yake, na yeye angelisikia jambo hilo hadi kaburini.

Siku hizi Jumamosi anakwenda kwa Tillie kukaa. Watu wanaleta magari yao ya zamani, wanamuuliza mzee aliyejaribu kama kompyuta inafaa. Yeye huwauliza wanaendesha kwenda wapi, na nani anakaa kiti cha pili. Wengi anawarudisha nyumbani na kabureta zao. Tillie anasema anamfukuzia wateja, na amemnunulia kiti chenye mgongo.